Toeni kwanza lile bango

Jumamosi

Kaka, 19:04
[Picha] Wanandugu, habari ndiyo hiyo! Mdogo wetu ameitwa kambi ya timu ya taifa chini ya miaka 17. Nimemtengenezea bango: MESSI MPYA WA TAIFA. Kila mtu aliweke kwenye stetasi yake, lisambae.

Binamu, 19:06
Nimeshaliweka. Simu zao wamezikusanya, kwa hiyo mwenyewe atayaona haya akitoka kambini. Hongera sana mdogo wangu.

Babu, 19:09
Nimeliona. Mungu amlinde mjukuu wangu. Huyu alianza kupiga mpira kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Mimi, 19:11
Shikamoo babu. Shangazi hongera, umelea. Kaka, kazi yako nzuri, ila naomba hayo maneno "Messi mpya" yatoke. Nasema kwa moyo mweupe.

Babu, 19:11
Marahaba.

Kaka, 19:12
Yana ubaya gani? Mtoto akisifiwa anapata nguvu.

Mimi, 19:17
Freddy Adu alisifiwa kuliko kinda yeyote wa Marekani. Alizaliwa Ghana 1989, akahamia Marekani na familia yake angali mdogo. Mwaka 2003, ana miaka 14, akasaini mkataba wa kulipwa na D.C. United, na Nike wakampa dola milioni 1. Aprili 2004 alikuwa anacheza ligi kuu yao na watu wazima, na mwezi huohuo akafunga bao. Wakamweka kwenye tangazo la televisheni na Pelé mwenyewe. Januari 2006 akavaa jezi ya timu ya taifa ya wakubwa, ana miaka 16. Na jumla ya alichoichezea timu hiyo maisha yake yote ni mechi 17, mabao 2.

Kaka, 19:18
Si alilewa sifa tu huyo?

Mimi, 19:19
Na hizo sifa alimnywesha nani? Mtoto wa miaka 14 hajitengenezei tangazo na Pelé.

Mimi, 19:25
Na mpira aliujua jamani. Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 20, Kanada 2007, aliifunga Poland mabao matatu peke yake. Halafu Juni 2011, nusu fainali ya Gold Cup, kombe la nchi za Amerika Kaskazini, Kati na Karibi, dhidi ya Panama, hiyo nimeirudia mara nyingi. Ni 0-0, mechi ngumu. Anaingia kutoka benchi, watu walishamsahau. Anapata mpira katikati, anainua kichwa mara moja tu, anaupenyeza mbele kwa Donovan. Donovan anaukata ndani, Dempsey anamalizia. Moja bila. Fainali na Meksiko akaanzishwa, kona yake ikazaa bao la kwanza. Wakaongoza 2-0, wakaishia kufungwa 4-2. Hiyo ndiyo mechi yake ya mwisho ya taifa. Alikuwa na miaka 22.

Binamu, 19:26
22?? Wengine ndio kwanza wanaitwa.

Mimi, 19:27
Ndiyo hapo sasa. Kwa sababu alianza kutazamwa na dunia akiwa na 14, alipofika 22 watu walimwona kama mchezaji aliyeisha. Amecheza Ureno, Ufaransa, Ugiriki, Uturuki, Brazili, Serbia, Ufini. Kila alikotua ile picha ya mtoto wa miaka 14 ilikuwa imemtangulia.

Babu, 19:33
Sisi tulikuwa na Nii Lamptey. 1991, Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, Italia. Ghana walichukua kombe na yeye akawa mchezaji bora wa mashindano. Redioni walisema Pelé kamtaja kuwa mrithi wake. Tulikaa tunamsubiri. Tulimsubiri sana.

Mimi, 19:36
Asante babu kwa kumkumbuka. Lamptey amesimulia mwenyewe kwamba alikuwa anasaini mikataba asiyoweza kuisoma. Anderlecht wakamchezesha akiwa na 16, akapita PSV, Aston Villa, Coventry, kisha akaanza kuzungushwa huku na kule. Timu ya taifa nayo ikamwacha angali kijana. Alipotulia nyumbani akajenga shule. Hilo la shule huwa linanikaa moyoni.

Kaka, 19:38
Sawa, lakini hao mnawachagua. Mchezaji bora wa Kombe la Dunia la U-17 kwa kawaida anatoka. Toni Kroos aliipata tuzo hiyo 2007, na 2014 akabeba Kombe la Dunia na Ujerumani.

Mimi, 19:42
Kweli kabisa. Na 2009 tuzo hiyohiyo alipewa Sani Emmanuel wa Nigeria. Timu ya taifa ya wakubwa hakuichezea. Katika mashindano hayohayo Brazili walikuwa na Neymar na Coutinho, wakatolewa hatua ya makundi. Uswisi waliochukua kombe walikuwa na Granit Xhaka. Sasa ungekuwa unatengeneza mabango siku ile, bango ungemtengenezea nani?

Kaka, 19:43
Ningemtengenezea Emmanuel. Nakubali.

Baba Mkubwa, 19:48
Nimekuwa nasoma tu. Jambo moja la mwili. Umri wa miaka 15, mwenye kukomaa mapema anawazidi wenzake mbio, anawabeba kwa kifua. Ukihesabu tarehe za kuzaliwa kwenye timu nyingi za vijana, waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka ndio wengi, wa Novemba na Desemba wachache. Ni kwa kuwa mtoto wa Januari amemtangulia wa Desemba kwa karibu mwaka mzima wa kukua, na kocha anaona nguvu anaita kipaji. Wakifika 20 miili inalingana. Ile tofauti inayeyuka na jina la sifa linabaki.

Shangazi, 19:52
Asanteni kwa hongera zenu. Mimi ndiye mama yake na nilikuwa nasita kuandika. Wiki hii, kabla hajaenda kambini, hakula vizuri. Usiku nilikuwa nasikia anatembea chumbani. Nilipomuuliza alisema yuko sawa, akanitazama pembeni. Tangu jina lake litoke watu walikuwa wanamsimamisha njiani.

Binamu, 19:53
Mama, mbona hukutuambia?

Shangazi, 19:54
Nilidhani ni furaha inamzidi.

Mimi, 20:01
Shangazi, naomba nikusimulie Bojan Krkić. Barcelona, 2007, ana miaka 17 anafunga mabao, na walimwita hivyohivyo, Messi mpya. Februari 2008 Hispania wakamwita kucheza na Ufaransa, mechi ya kirafiki kule Málaga. Siku hiyo kizunguzungu na hofu vikamzidi, hakuweza kucheza. Watu wakaambiwa ni ugonjwa wa tumbo. Baadaye mwaka huo alikuwa aende Euro 2008, akashindwa, mwili na akili vimegoma. Huko nje ikasemwa ameikataa nchi yake. Hispania wakachukua kombe bila yeye. Septemba akaingia mechi moja, na Armenia. Hiyo moja ndiyo aliyocheza, basi. Ilipita miaka kama kumi kabla hajaweza kusema hadharani kwamba ilikuwa hofu.

Shangazi, 20:03
Miaka 17. Mtoto kabisa.

Shangazi, 20:03
Na mama yake alikuwa wapi jamani, alikuwa anaelewa?

Kaka, 20:06
Shangazi pole. Sikujua hali iko hivyo. Ila naomba niseme kitu, msinielewe vibaya. Mpira wa juu ndio huo. Uwanja una watu elfu 50, wote wanapiga kelele. Asipozoea maneno sasa atazoea lini? Rooney aliingia timu ya England na miaka 17, maneno yalikuwa mengi kuliko bango langu, akasimama.

Baba Mkubwa, 20:12
Mwanangu, hiyo mechi ya kwanza ya Rooney naikumbuka. Februari 2003, dhidi ya Australia. England walifungwa 3-1. Lile bao moja alifunga nani? Francis Jeffers. Naye alitoka kituo kilekile cha vijana cha Everton, Arsenal walishamnunua kwa mamilioni ya pauni. Ana miaka 22, amefunga katika mechi yake ya kwanza ya taifa. Hakuitwa kucheza nyingine hata moja. Vijana wawili kutoka nyumba moja, usiku mmoja, na aliyefunga ndiye aliyesahaulika. Huwezi kumtazama mtoto ukajua ni yupi kati ya hao.

Binamu, 20:15
Na Hachim Mastour mjomba. Video yake na Neymar wanapiga danadana niliitazama hadi nikaikariri. AC Milan walimweka benchi ligi kuu ana miaka 15. Moroko wakamwingiza dhidi ya Libya Juni 2015, dakika za nyongeza, hajafikisha 17. Hiyo ndiyo mechi yake ya taifa, basi. Milan ya wakubwa hakuichezea mechi rasmi hata moja.

Kaka, 20:17
Ødegaard je? Norwe walimchezesha na miaka 15, 2014. Kelele zilikuwa kubwa kuliko za Mastour.

Mimi, 20:20
Na Ødegaard naye walimzika. Madrid walimsajili na 16, akapelekwa mkopo Heerenveen, Vitesse, Sociedad, na miaka yote hiyo ilikuwa "yule kinda aliyeshindwa". Sasa ni nahodha wa nchi yake na wa Arsenal. Kilichomsaidia ni hiyo miaka ya mkopo kwenye timu ambazo kamera hazikumfuata sana, akacheza kila wiki.

Mimi, 20:22
Na Messi mwenyewe kaka! Mechi yake ya kwanza Ajentina, Agosti 2005 na Hungaria. Aliingia kipindi cha pili, hazikutimia dakika mbili akala kadi nyekundu. Huyo ndiye Messi aliyeandikwa kwenye bango, siku yake ya kwanza.

Kaka, 20:23
Hiyo sikuijua. Dakika mbili?

Mimi, 20:23
Hazikutimia.

Baba Mkubwa, 20:41
Nimeandika na kufuta mara tatu. Nyinyi watoto hamjui, labda dada na baba ndio wanaokumbuka. Mimi niliitwa timu ya taifa ya vijana. Gazeti lilitoa picha yangu, nimesimama katikati ya wenzangu wawili, na maneno makubwa juu yake. Kipande hicho ninacho mpaka leo, ndani ya mfuko wa nailoni, droo ya chini kabisa.

Nilicheza mashindano mamoja. Mwaka uliofuata wakasema orodha mpya itasomwa redioni saa mbili usiku. Nilikuwa nimekaa na begi limeshafungwa, njumu nimezipaka rangi. Walisoma majina 22. Sikuumia goti, sikugombana na mtu, sikunywa pombe. Walikuwepo waliokuwa wamekua kuliko mimi, basi.

Kilichonimaliza hakikuwa kuachwa. Ni kwamba kwa miaka mingi kila aliyenikuta aliuliza, "Ilikuwaje bingwa?" Kana kwamba nilivunja ahadi. Mimi sikumuahidi mtu. Ahadi waliiandika wengine juu ya picha yangu. Nikaacha hata kucheza jioni na marafiki, na mpira niliupenda kuliko chakula.

Babu, 20:47
Nakumbuka usiku ule mwanangu. Redio niliizima mimi. Nilikosa neno la kukuambia nikaenda kulala. Nisamehe.

Baba Mkubwa, 20:49
Baba, hapana. Ulizima redio kabla hawajarudia orodha. Nilikushukuru kimoyomoyo.

Shangazi, 20:50
Kaka yangu. Begi lile ulilifungua baada ya wiki nzima. Nilikuwa mdogo lakini niliona.

Kaka, 21:02
Nimelifuta kwenye stetasi. Binamu na wengine futeni pia tafadhali. Waliolichukua kwa marafiki zangu nawapigia mmoja mmoja usiku huu. Baba mkubwa, nisamehe. Shangazi, nisamehe na wewe. Nilimpenda nikaandika.

Baba Mkubwa, 21:03
Hujakosa mwanangu. Ulifurahi.

Binamu, 21:04
Nimefuta.

Mimi, 21:08
Wakitoka kambini tukubaliane jambo moja: asiulizwe ataingia lini timu kubwa. Aulizwe alicheza na nani, alicheka nini.

Shangazi, 21:10
Na shule. Mtihani uko palepale.

Babu, 21:11
Na akija aje kwangu kwanza.

Jumapili

Shangazi, 18:26
Amepiga! Kocha wao amewapa kila mmoja dakika moja ya simu. Sauti ni ya kwake kabisa, ile ya kuongea haraka. Anasema wamemchezesha beki wa kushoto na hakujua kama anaweza, na amekula sahani mbili. Anaomba njumu, alizonazo zinambana vidole.

Kaka, 18:28
Njumu nazileta mimi. Saizi gani?

Shangazi, 18:29
41.

Shangazi, 18:29
Mwezi uliopita alivaa 40.