Mjadala: Kikaushio cha dagaa kilichobuniwa na chuo, kampuni moja ipewe peke yake?

Mleta mada:

Wadau, naleta jambo lililonikaa rohoni tangu masika yaliyopita. Kila siku tunasikia vyuo vikihimizwa vishirikiane na viwanda, tafiti zisiozee kabatini bali zigeuke bidhaa. Nakubaliana na hilo. Ninachouliza ni hiki: chuo kikibuni kitu kwa fedha za umma na kwa msaada wa wananchi, kisha kikaipa kampuni moja haki yote ya kukitengeneza, ni sawa? Mimi nasema si sawa, na nitaeleza kwa nini.

Nafanya biashara ya dagaa. Nanunua Ukerewe na kwenye mialo (fukwe za kupokelea samaki) ya Ilemela, nashusha mzigo Kirumba Mwaloni, Mwanza. Anayeijua kazi hii anajua adui yetu ni mvua. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa; mbalamwezi ikishika, mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo mzigo huja kwa mkupuo, na wote unataka kukauka siku hiyo hiyo. Akina mama wanaanika mchangani alfajiri. Jua likiwa kali, jioni ukiwashika dagaa wanalia kama majani makavu. Mvua ikinyesha saa nane mchana, umekwisha. Utafunika turubai, utageuza, lakini kesho yake matumbo yamepasuka, ile rangi ya fedha imekuwa njano, na dagaa wa kula watu wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Miaka michache iliyopita walikuja mwaloni kwetu vijana wa kitivo cha sayansi cha chuo kimoja, pamoja na mwalimu wao. Walijenga kibanda cha mbao, wakakifunika nailoni angavu, ndani wakapanga chanja juu ya chanja. Chini waliacha matundu ya kuingizia hewa, juu wakaweka bomba la kutolea unyevu. Walifanya kazi kwa adabu, sina neno nao. Lakini dagaa waliopimwa walikuwa wetu. Wavu wao wa kwanza ulikuwa na matundu makubwa: dagaa wakianza kusinyaa wanapenya na kuangukia chanja ya chini. Mama mmoja aliwatazama siku mbili, siku ya tatu akaja na kipande cha nyavu chakavu za dagaa za mumewe, akakikaza kwa misumari yeye mwenyewe. Wavu huo ulibaki kwenye kibanda mpaka mwisho. Ni yeye pia aliyewaambia wasirundike zaidi ya tabaka moja.

Na kikafanya kazi! Nje mvua inanyesha, ndani dagaa wanakauka, wasafi, hawana hata punje ya mchanga. Kisha utafiti ukaisha, upepo wa ziwani ukachana nailoni, nasi tukachanga hela ili tujenge vingine. Fundi wetu wa Nyakato akajenga kwa kukisia, maana vipimo hakuwa navyo. Unyevu ukakosa pa kutokea, matone yakajikusanya chini ya nailoni na kudondokea dagaa. Madebe sita yalioza. Nikampigia mwalimu simu nimwombe mchoro. Alinijibu kwa upole kwamba chuo kimeshasaini mkataba na kampuni, kuna kifungu cha usiri, hawezi kutoa kitu. Hiyo kampuni hadi leo haijaleta mwaloni kwetu hata kibanda kimoja.

Hapa hapa mkoani tuna kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, Misungwi. Mbegu za pamba kama UK91 zilizalishwa pale na watafiti wa umma, zikasambaa Usukuma nzima. Wachambuaji pamba wengi wamefanya biashara kwa mbegu hizo, na mkulima naye amepanda. Hiyo haikuwa sayansi iliyoingia sokoni?

Mchangiaji, anafanya kazi kiwanda cha samaki:

Pole sana dada kwa hasara hiyo. Ila niruhusu nikupinge. Sisi wa viwandani tunajua thamani ya maabara: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria, bila vipimo vya kuaminika usingeuza minofu huko. Lakini mchoro wa chuo bado si bidhaa. Kuna vifaa vya kutafuta, majaribio, viwango, mafundi wa matengenezo. Hayo yote ni hela ya mtu. Ukimwambia mwekezaji kwamba akishamaliza gharama jirani yake atanakili bure, ataweka wapi hela yake? Marekani walilipitia hili. Kabla ya sheria yao ya mwaka 1980, maarufu kama Bayh-Dole, serikali ilikuwa na hataza (haki za kisheria za kulinda uvumbuzi) kama 28,000, na zilizopewa leseni hazikufika asilimia 5. Cha wote kikawa si cha yeyote. Sheria ile ikaviruhusu vyuo kumiliki uvumbuzi wao na kuwapa kampuni leseni, na mambo yakaanza kusogea.

Mchangiaji, mhadhiri:

Naongezea kidogo. Mama mleta mada anachanganya hataza na usiri. Hataza haifichi: unaeleza uvumbuzi wako hadharani, nawe unalindwa kwa muda, kwa kawaida miaka 20. Mikataba ya usiri ni kitu kingine, na walimu wengi tunaisaini bila mwanasheria pembeni. Aliyewahi kunisomea mkataba kifungu kwa kifungu sijampata. Kupandishwa daraja nako kunaangalia zaidi machapisho. Kibanda cha dagaa kilichosimama mwaloni hakikupi pointi. Aliyefanikiwa ninayemjua ni Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, aliyepata tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio lake la maji. Yeye aliubeba uvumbuzi wake mwenyewe hadi sokoni.

Mleta mada:

Ahsante mwalimu, umenifungua macho. Basi nasahihisha: ninachogombana nacho ni usiri, pamoja na kumpa mtu mmoja haki yote bila kumwekea ukomo wa muda.

Kaka wa kiwandani, hoja yako ya mwekezaji ni nzito na sitaipuuza. Lakini hiyo hiyo sheria ya Marekani uliyoitaja inaiachia serikali mlango: mwenye haki akishindwa kuufikisha uvumbuzi kwa watumiaji, inaweza kulazimisha leseni apewe mwingine. Mkataba wa kikaushio chetu una kifungu cha namna hiyo? Tazama na insulini, dawa ya kisukari. Mwaka 1923 mgunduzi wake Banting na wenzake wawili waliuza haki zao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja. Chuo kikaishika hataza, kikashirikiana kwanza na kampuni ya Eli Lilly kwa muda maalumu, kisha kikatoa leseni kwa watengenezaji wengine huku kikisimamia ubora. Kampuni haikufilisika. Nao wagonjwa hawakubaki kumsubiri muuzaji mmoja.

Kwa hiyo kampuni ipewe miaka miwili, mitatu, irudishe hela yake. Ikikaa kimya, haki irudi chuoni, na fundi wa Nyakato auziwe leseni kwa bei anayoiweza. Mrabaha, yaani malipo ya leseni hiyo, uende maabara wanunue vipimo vipya. Na yule mama wa wavu jina lake liandikwe kwenye karatasi za uvumbuzi, kwa sababu bila wavu wake dagaa wangekuwa wanaokotwa sakafuni.

Mwalimu, kama unaweza, nisaidie jambo moja: mwananchi aliyeshiriki utafiti ana haki ya kuomba kuona mkataba huo, na anaandika kwa nani pale chuoni? Masika yanaingia Machi, na wenzangu wameshaanza kuchanga hela ya nailoni.