Mtoto akishaugua taifodi, chanjo bado ni ya nini?

MamaPipeline: Hamjambo wazazi, naomba kuuliza. Kijana wangu ana miaka sita, kuna wakati kemisti ya hapa mtaani walimpima wakasema ni taifodi, akameza dawa akapona. Sasa ile kampeni ya chanjo ya Julai 2025 baba yake alikataa, eti tungoje kwanza tuone watoto wa wenyewe, na jirani naye anasema mwili ushazoea huo ugonjwa so sindano ni kumsumbua bure. Ni ukweli? Nina mwingine wa miezi nane.

NesiMstaafu: Jirani anakudanganya mama. Taifodi inarudi, kuugua mara moja hakukupi kinga ya kutegemea. Huyo mdogo akifika miezi tisa enda na kijitabu cha kliniki, hiyo ya taifodi na ya surua anaweza kudungwa siku moja. Mkubwa uliza kituo cha serikali kwanza, wakikosa kuna hospitali za kibinafsi zinauza, ila pigia simu ujue bei. Ni dozi moja tu.

Msee_wa_Umoja: Na nani alisema ilikuwa taifodi? Hii Nairobi ukiingia kemisti na kichwa kinauma unatoka na taifodi 😂 Hicho kipimo cha damu cha haraka wanachotumia, Widal, kinakosea sana, kujua kabisa ni damu iende maabara vijidudu vioteshwe vionekane, inachukua siku kadhaa, kemisti gani inafanya hivyo? Tunameza tu antibiotiki mpaka vijidudu vinazoea.

BabaWatatu: Wangu hawakudungwa na sijutii. Watupe maji safi kwanza, mfereji ukikauka tunanunua mitungi hata hatujui imechotwa wapi.

NesiMstaafu: @BabaWatatu kwa maji uko sahihi, taifodi ni kinyesi kinaingia kwa maji na chakula. Utafiti wa mtaa wa Kibera hapa Nairobi uliotoka 2012 ulikuta walioumia zaidi ni watoto wa miaka 2 hadi 9, na kijana wa huyu mama yumo. Lakini utangoja mfereji mpaka amalize shule? Kule Blantyre, Malawi walijaribu hii chanjo kwa watoto zaidi ya 28,000, na baada ya miaka kama minne ilikuwa bado inazuia karibu kesi 78 kwa kila 100. Zinazobaki ndo unachemshia maji.

MamaPipeline: Asanteni sana. Na kama tarehe itampata mdogo na mafua?

NesiMstaafu: Mafua ya kawaida mpeleke tu. Homa kali ndo inangojewa ipoe.