RTX 50: kadi ya mnyonge inayomtaka mnyonge awe na kompyuta mpya kwanza

Wakuu salaam.

Nipo Mwanga, Kigoma. Nahariri video za harusi na kwaya, jioni vijana wanakuja kucheza gemu kwa saa. Niacheni nimalize kwanza ndipo mashabiki wa kijani mje kunirarua. Sizungumzii Yanga, nazungumzia Nvidia, kampuni inayotengeneza kadi za picha za kompyuta, na RTX 50 ni kizazi chake cha 2025.

Tarehe 6 Januari 2025 bosi wao Jensen Huang alipanda jukwaani Las Vegas na koti lake la ngozi linalometameta, akatangaza kwamba RTX 5070 ya dola 549 itakupa uwezo wa RTX 4090, kadi iliyotoka 2022 kwa dola 1,599. Makofi ukumbi mzima. Hapa mtaani vijana wakanijazia simu na klipu ile, "bro jikaze, mambo yameiva". Machi wapimaji wakaipata mkononi, na 4090 haikusogelewa. Hata RTX 4070 Super ya Januari 2024 ilikuwa inapumuliana nayo shingoni. Itakosaje, wakati 5070 ina viini vya CUDA (vitengo vidogo vinavyopiga hesabu za picha) 6,144 na ile Super ilikuwa navyo 7,168? Kizazi kipya, viini pungufu!

Sasa huo uwezo wa 4090 ulitoka wapi? Ulitoka kwenye fremu za kubuni, yaani picha moja moja zinazopita kwenye kioo kila sekunde. Kwa DLSS 4, teknolojia ya Nvidia ya kuongeza fremu, kadi inachora fremu moja kihalali, halafu akili mnemba inajazia hadi tatu kati yake na fremu ya kweli inayofuata. Kwenye kioo unasomewa 120, kazi iliyofanyika kweli ni ya 30. Ukibonyeza kitufe, gemu inakuitikia kwenye zile za kweli tu, kwa hiyo picha inateleza lakini mkono unahisi uzito. Ni sawa na mtu pale mwaloni Kibirizi akupimie sado moja ya dagaa na tatu za mchanga, kisha adai hela ya sado nne. Teknolojia yenyewe siikatai, kama gemu tayari inakwenda fremu 60 inapendeza kweli. Ninachokataa ni kuiweka kwenye bei.

Na ukichimba unaona kwa nini walihitaji ujanja huo. Chipu za RTX 40 na za RTX 50 zinatengenezwa na TSMC, kiwanda cha chipu cha Taiwan, kwa teknolojia ile ile ya 4N. Hakuna mruko wa kiwanda safari hii. Ndiyo maana 5090, kaka mkubwa wa RTX 50, imepanda kutoka dola 1,599 za 4090 hadi 1,999, na umeme kutoka wati 450 hadi 575, ili iongeze kasi kama asilimia 30 kwenye 4K. Umelipa zaidi, umekula umeme zaidi, umepata zaidi. Ugunduzi uko wapi hapo? Wati 575 kwa umeme wetu huu, jirani akiwasha pasi sijui nani atamzima nani. Februari kampuni ikakiri pia kwamba asilimia 0.5 hivi ya 5090 na 5070 Ti zilitoka kiwandani zikiwa na ROP (sehemu za chipu zinazomalizia kuchora picha) pungufu, kasi inashuka kama asilimia 4. Mtu kalipa milioni zake, kauziwa kadi yenye kilema.

Lakini hizo ni za wakubwa. Kilichonitoa machozi ni hizi zinazoitwa za sisi wa chini.

Aprili 2025 walitoa 5060 Ti. Jina moja, kadi mbili: ya GB 16 za kumbukumbu kwa dola 379... samahani, hiyo ni ya GB 8, ya 16 ni dola 429. Mnaona? Hata kuziandika zinachanganya, na ndivyo walivyotaka. Wapimaji walipelekewa ya 16, ya 8 baadhi yao ikabidi wainunue dukani kwa hela yao. Mei ikaja 5060 ya kawaida, dola 299, GB 8, na wapimaji wengi hawakupewa draiva, programu ya kuiendesha kadi, hadi siku ya mauzo. Mtu mwenye bidhaa safi anaogopa nini kupimwa? GTX 1070 ilikuwa na GB 8 mwaka 2016!

Mimi niliagiza 5060 Ti ya 16 duka moja Kariakoo. Piga hesabu: dola 429 kwa shilingi 2,600 za wakati ule ni kama 1,115,000, weka VAT asilimia 18 unafika 1,316,000. Niliambiwa 1,850,000, "boss, mzigo hakuna, wahi". Nikatuma. Kifurushi kikashuka na basi, nafungua boksi, GB 8. Napiga simu: "Boss si ulisema 5060 Ti? Hiyo hapo." Meseji yangu yenye 16 anayo. Kuirudisha nipande nayo basi mpaka Dar, nikalale Dar, nikabishane kaunta. Warantii ya Kariakoo ukishavuka Morogoro ni karatasi.

Basi nikaifunga. Na hapa ndipo wakuu nataka msome vizuri, hasa mnaotumia hizi kompyuta za maofisini zilizotumika kama mimi. Kadi hizi za 5060 zina njia nane tu za PCIe, barabara ya data kati ya kadi na kompyuta. Kwenye mazabodi mpya ya PCIe 5.0, njia nane zinapitisha karibu GB 32 kwa sekunde. Mashine yangu ni PCIe 3.0, zinapita kama 8. GB 8 za kadi zikijaa, gemu inaanza kuazima RAM ya kompyuta, na kila kitu kinabanwa kwenye uchochoro huo. Picha inakatakata, nyuso za wachezaji zinakuwa tope, kijana anadai nimrudishie hela yake. Mwenye mashine mpya ya milioni kadhaa haumii sana. Anayeumia ni yule yule waliyesema wamemtengenezea.

Haki yao niwape: video za kamera za 4:2:2 (zinazobeba rangi nyingi kuliko za kawaida) zilizokuwa zinaikwamisha mashine yangu, hii kadi inazifungua kwenye taimulaini bila kuhema. Kwa harusi ni msaada. Ila sikutuma 1,850,000 kwa ajili ya hilo peke yake.

Kwa nini watujali? Mwaka wao wa fedha ulioisha Januari 2025 waliingiza dola bilioni 130.5, na 115.2 zilitoka data senta, yale majumba ya kompyuta za akili mnemba. Gemu ilileta kama 11. Sisi ni chenji.

Washindani wao AMD walileta RX 9070 XT Machi 2025, GB 16, dola 599. Bei nzuri kwenye karatasi, huku sijaiona hata kwa picha.

Kwa hiyo: mwenye RTX 3060 ya 2021, ya GB 12 na njia zake 16, awe Kigoma, Kasulu au Tabora, aje PM na bei. Tunaipima pamoja ndipo hela inatoka. Na ile 3060 ya GB 8, maana nayo waliitoa kimyakimya, msiniletee.