Timu ya uhasibu inakwaruzana kila mwisho wa mwezi, tuanzie wapi?

Vocha_Mbili:
Wakuu, habari za kazi. Ofisi ya uhasibu, watu sita, Dar. Kuanzia tarehe 28 hadi 7 watu hawasemeshani. PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) zinatakiwa zilipwe ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na siku hizohizo mkurugenzi anataka hesabu za mwezi zilizofungwa. Makosa yanazidi: vocha inaingizwa mara mbili, 540,000 inaandikwa 450,000. Mmoja ameshapewa ED (ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi) mara mbili. Uongozi unataka kutuletea semina ya siku moja ya kudhibiti msongo wa mawazo. Itasaidia, au tutakunywa soda turudi palepale?

Daftari_la_Benki:
Mtakunywa soda. Semina itawafundisha kupumua, lakini haitahamisha hata vocha moja kutoka tarehe 3.

Mtafiti wa mambo ya kazi, Robert Karasek, alishaeleza mwaka 1979 kwamba kinachommaliza mfanyakazi si wingi wa kazi peke yake. Ni kazi nyingi huku huna kauli juu ya namna wala wakati wa kuifanya. Karani wa uhasibu yuko hapohapo: tarehe hapangi yeye, nyaraka zinatoka idara nyingine, ila kosa likitokea jina ni lake.

Bandikeni karatasi kubwa ukutani. Juu siku kumi, pembeni majina sita. Kila mtu aandike mwenyewe kazi zake na saa zitakazochukua, bosi asimwandikie. Mtashangaa: mmoja ana saa 13 tarehe 5, jirani yake ana 6.

Halafu kila kazi iulizwe, lazima ifanyike siku hiyo? Saa za ziada, likizo na makato ya mikopo yafungwe tarehe 22. Mshahara ukishatoka tarehe 25, PAYE inajulikana. Mnaisubirisha hadi tarehe 6 kwa nini? Na kulinganisha daftari na taarifa ya benki kufanyike kila Ijumaa. Tuseme mna miamala 60 kwa wiki, hiyo ni kazi ya saa moja hivi. Ukiiacha ifike 240, inakula siku nzima, kwa sababu nani anakumbuka yale malipo ya tarehe 4 yalikuwa ya nini?

Saa_Tatu_Kamili:
Naunga mkono, ila karatasi bila kikao itageuka pambo. Dakika 15, saa 3 asubuhi, mkiwa mmesimama. Kila mtu ataje rangi: kijani naenda vizuri, njano nimebanwa, nyekundu simalizi leo. Akitokea wa nyekundu, msitawanyike kabla kazi moja haijatoka mezani kwake: ipewe mwingine, isogezwe mbele au ipunguzwe.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anasema nyekundu, anaambiwa "komaa". Basi, kesho yake wote ni kijani, na watabaki kijani mpaka siku ya ED.

Tena msiulize "unajisikiaje?" mbele za watu. Utajibiwa "nzuri tu, tunamshukuru Mungu". Uliza "nini kimekwama?"

Afisa_Utumishi:
Naongeza upande wa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Saa za ziada zisipite 50 katika wiki nne, na zinalipwa mara moja na nusu. Kati ya kutoka na kurudi kazini kuwe na mapumziko ya saa 12 mfululizo. Kwa hiyo aliyetoka saa 4 usiku msimtegemee kwenye kikao cha saa 3, anaingia saa 4. (Meneja anayesimamia wenzake na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hahesabiwi kwenye saa hizi.) WhatsApp ya kikundi nayo ifungwe jioni; "nani ana risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) ya mafuta?" saa 5 usiku inawaamsha watu sita kwa jambo la mmoja.

Huyo mwenye ED msimjadili ubaoni. WHO (Shirika la Afya Duniani) inauhesabu uchovu wa kazini kuwa hali itokanayo na kazi, si ugonjwa: nguvu kuisha, kuichukia kazi, na kuona huwezi tena. Ila kama halali usingizi wiki mbili, au anasema haoni haja ya kuishi, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo, faragha, na mtu wa kumsindikiza.

Vocha_Mbili:
Shukrani wakuu. Shida ni bosi, atataka kuongoza kikao mwenyewe.

Saa_Tatu_Kamili:
Mwenyekiti awe wa zamu, kila wiki mtu mwingine. Bosi mpeni mstari wake kwenye karatasi: idara zinazochelewesha nyaraka, na tarehe aliyowafuata. Stoo hawamsikilizi karani, yeye watamsikiliza. Na yeye ataje rangi yake kama wengine.