Naomba ushauri: shemeji anampiga mdogo wangu, kisha analia

Assalamu alaikum ndugu zangu. Nimekwama.

Mdogo wangu ameolewa Likoni, Mombasa, mwaka wa tano sasa. Mumewe huko mtaani ni mtu wa watu, hapiti mzee bila kumwamkia. Nyumbani anampiga. Wiki jana mdogo wangu alipovua buibui nikaona mikono na mgongo vimejaa alama, usoni hata mkwaruzo hakuna. Hapo ndipo nilipoacha kuamini ile hadithi ya "hasira hunizidi". Bosi wake humtukana mbele za watu, mbona huyo hajamnyanyulia mkono? Anachagua wa kumpiga na pa kupiga. Tena simu ya mke anaikagua yeye, na pesa za maandazi anazishika yeye.

Baada ya kipigo huja na haluwa na machozi. Wiki mbili ni asali tupu, kisha ananuna upya. Mwanasaikolojia Lenore Walker aliueleza mzunguko huu mwaka 1979, utadhani alichungulia dirishani kwetu.

Wazee tumewakalisha mara mbili. Aliapa, akarudia. Nimempa mdogo wangu namba 1195, ile simu ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili, nikamweleza na sheria ya Kenya ya 2015 ya kuzuia ukatili wa nyumbani, inayoruhusu mahakama kutoa amri ya kumlinda. Anaogopa: mume akigundua, atamuumiza zaidi.

Je, kuna mnayemjua wa aina hii aliyebadilika kweli, na alisaidiwa vipi? Na nyinyi mliotoka, mliondokaje bila yeye kushtuka? La pili ndilo la haraka.