Fundi kapiga bloa modemu ya simu yangu bila kupima, sasa ananiambia simu ilishakufa

Wakuu, nina hasira na sitaki kuambiwa nipoe.

Simu yangu ilianguka, kioo kikabaki kizima, nikashukuru. Siku ya tatu mtandao ukaanza kukata. Nikiizima ikapoa, nikiiwasha unarudi. Ikipata joto kidogo unapotea tena. Wiki haijaisha ikaganda kwenye "Hakuna huduma". Laini ileile nikiiweka kwenye simu ya mdogo wangu inashika bila shida. Wi-Fi ilikuwa inafanya kazi, kamera, chaji, vyote. Nikabonyeza *#06#. Pale penye tarakimu 15 za IMEI, namba ya utambulisho wa simu, hapakuwa na kitu. Nikaingia kwenye mipangilio kutazama toleo la modemu, ile chipu inayoshika mtandao wa simu, napo patupu.

Sasa jamani, hiyo si laini na wala si antena. Antena ikifa simu bado inaijua IMEI yake. Ikikosekana kabisa namna hiyo, kwa kawaida prosesa, yaani chipu kuu ya simu, inaiita modemu na modemu haiitiki. Labda haipati umeme, labda njia kati yao imekatika, labda data zake zimevurugika, labda chipu yenyewe imekufa. Ni mambo manne tofauti, na kila moja lina dawa yake. Utajuaje ni lipi bila kupima?

Nilimweleza fundi yote haya. Akanikatiza, "nimeshaziona nyingi za hivi". Akabadilisha kisahani cha laini. Akaflashi, yaani akafuta na kupakia programu upya, bila kuniuliza, picha zangu zote zikaenda, na flashi yenyewe ikagoma njiani. Halafu akaninong'oneza kwamba anaweza kuniandikia IMEI nyingine! Katika nchi nyingi hilo ni kosa la jinai. Na modemu isiyoitika, hiyo IMEI utaiandika wapi?

Mwisho akang'oa kile kibati kinachofunika modemu, akawasha bloa, ile mashine ya kupuliza hewa ya moto. Anasema anaishtua lehemu, ile metali inayoshikisha chipu kwenye bodi, ikae sawa. Multimita, kifaa cha kupimia umeme, ilikuwa palepale mezani, waya zake zimeviringishwa, hakuigusa. Nilikuwa nimekaa mbele yake.

Lehemu isiyo na risasi haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 217 hivi. Na chipu kama hizi mara nyingi zimejazwa gundi ngumu chini yake. Ukipasha moto bila kuiondoa, lehemu inayeyuka, inatanuka, haina pa kwenda, inajipenyeza pembeni na kuunganisha visivyotakiwa kuungana. Hata kinachokwenda kwenye prosesa ya jirani ni moto uleule. Simu iliyoingia ikiwaka vizuri, imekosa mtandao tu, ikatoka inaonyesha nembo na kuzima, nembo na kuzima. "Bodi ilishakufa hii, bosi." Ilishakufa lini?

Nimeipeleka kwa fundi mwingine, akaniita nitazame mwenyewe kwenye darubini. Kapasita mbili, vile vipande vya kutunza umeme kwenye bodi, ndogo kuliko punje ya mchanga, hazipo. Ya tatu imesimama wima kwa mguu mmoja. Ukingoni mwa modemu vitone vya lehemu vimetoka vikang'aa kama jasho. Ndipo akachukua multimita, akaiweka kwenye kipimo cha daiodi, waya mwekundu kwenye graundi (upande hasi wa bodi), mweusi akawa anagusa nukta moja moja huku akilinganisha na bodi nzima ya modeli hiyohiyo. Njia moja ya umeme wa modemu ikasoma sifuri. Shoti, yaani njia hiyo imegusana na graundi.

Kilichoniuma zaidi ni alichosema baadaye. Dalili ile ya kurudi ikipoa na kupotea ikipata joto inafanana sana na kiungo cha lehemu kilichopasuka. Kama ni hicho, pengine kipimo kingekionyesha na waya mwembamba kama unywele ungetosha kukiunganisha. Lakini sasa hata yeye hawezi kujua ugonjwa wa mwanzo ulikuwa upi, maana moto umefuta kila alama. Kubadilisha modemu peke yake nako hakusaidii kwenye modeli hii: imefungamanishwa na prosesa, huwezi kuchomeka ya simu nyingine ikakubali.

Nimerudi kudai pesa yangu. Yule wa kwanza amekataa, anasema amenifanyia kazi. Tena jana kanipigia, anataka nimwachie bodi atoe spea. Sijampa na sitampa. Ipo hapa kwangu, na kile kibati alichokipinda bado nimekihifadhi.