Naomba ushauri: dodoso la wafanyakazi mtandaoni lisilomfichua aliyejaza

Mtunza_Majalada:
Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Ninafanya kazi katika idara ya rasilimali watu ya taasisi yenye wafanyakazi wapatao 300, na nimekabidhiwa kuandaa dodoso la mwaka la maoni ya wafanyakazi, litakalojazwa mtandaoni. Nawaandikia kwa sababu dodoso la mwaka jana lilimuumiza mtu.

Tuliwaahidi wafanyakazi kwa maandishi kwamba majibu yao ni siri, na kweli hatukuuliza jina. Tuliuliza, hata hivyo, idara, jinsia, umri na miaka ya utumishi, na mwishoni tukaweka kisanduku cha maoni. Tulipompelekea kila mkuu wa idara jedwali la majibu ya watu wake, mmoja wao, mwenye watu wanne tu chini yake, alisoma mstari mmoja wa malalamiko kuhusu upangaji wa zamu, akatazama safu ya "miaka 15 na zaidi", kisha akamwita mhusika ofisini siku hiyohiyo. Dada yule alitoka akilia, akapita mbele ya meza yangu bila kunitazama. Ile ahadi niliiandika mimi.

Sasa nasikia watu wamekubaliana ama kutojaza kabisa, ama kuweka "nakubali" kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho. Mkurugenzi kwa upande wake anataka kila mtu ajaze mara moja tu, kwa kuwa kiungo cha mwaka jana kilikuwa wazi na wapo waliojaza mara kadhaa. Nitamzuiaje mtu kujaza mara mbili bila kujua ni nani? Na nitajuaje kwamba matokeo yanaaminika?

Fundi_Seva:
Ndugu mleta mada, kwanza tenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Kumficha mtu ni pale unapomjua lakini humtaji. Kutomjua ni pale ambapo hata wewe, ukilazimishwa, huwezi kumtaja. Sheria ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Mei 2018, imeuweka wazi mpaka huo: taarifa iliyobadilishwa jina kuwa namba, huku ufunguo wa kuirudisha ukiwepo mahali, bado ni taarifa binafsi. Mliahidi la pili mkatoa la kwanza.

Kuhusu kujaza mara moja, zalisha misimbo 300 ya nasibu, kila mmoja wa kutumika mara moja. Mfumo ukipokea majibu, uandike kwenye jedwali moja kwamba msimbo umetumika, na kwenye jedwali jingine uhifadhi majibu bila msimbo, bila anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa mtandaoni) na bila saa ya kujaza. Saa husahaulika sana: ukiwa na saa kwenye majedwali yote mawili, mtu yeyote atayaoanisha. Vivyo hivyo mpangilio wa mistari. Uchanganywe, la sivyo mstari wa 40 upande huu utakuwa wa 40 upande ule.

Ujumbe wa kukumbusha upelekwe kwa wote. Ukimwandikia mtu "bado hujajaza", ataamini kwamba unajua pia alichojaza, na hutaweza kumshawishi vinginevyo. Akaunti ya msimamizi iwe na uthibitishaji wa hatua mbili na ishikwe na watu wawili, basi.

Mchambua_Takwimu:
Nakubaliana na Fundi, lakini tatizo la mwaka jana halikutoka kwenye seva, lilitoka kwenye safu zenu nne. Mwaka 2000 mtafiti Latanya Sweeney alionyesha, kwa kutumia sensa ya Marekani ya 1990, kwamba takriban asilimia 87 ya watu wa nchi hiyo wangeweza kutambulika kwa mambo matatu tu: msimbo wa posta, jinsia na tarehe ya kuzaliwa. Kama inawezekana katika nchi nzima, idara ya watu wanne haina pa kujificha.

Uliza zile sifa tu ambazo kuna uamuzi unaozisubiri, na usionyeshe matokeo ya kundi lolote lenye majibu chini ya matano. Mimi kwa maswali mazito hupandisha hadi kumi. Kisha jihadhari na mtego wa hesabu ya kutoa. Tuseme kurugenzi ina watu 12, nawe umeonyesha wastani wa wote pamoja na wastani wa kitengo chenye watu 9, ukaficha kile cha watu 3. Mwenye kikokotoo atapata wastani wa hao watatu kwa dakika moja. Ukificha kimoja, mara nyingi itakubidi ufiche na kingine.

Kisanduku cha maoni ningekiondoa. Mtu hujulikana kwa maneno anayopenda kuyatumia.

Mwalimu_wa_Hojaji:
Hapo kwenye kisanduku sikubaliani nawe, mkuu. Namba zitakuambia kwamba zamu zinawakera watu. Maoni ndiyo yatakayokuambia kwamba ratiba hutolewa usiku wa kuamkia zamu yenyewe. Kibaki, ila maneno yenyewe yasimfikie mkuu wa idara yeyote. Asiye katika mnyororo wa madaraka ayasome, ayapange kwa mada, ayaandike upya kwa maneno yake. Na juu ya kisanduku wekeni onyo: usitaje tukio ambalo wewe peke yako ulikuwepo.

Kuhusu kuaminika, angalia maswali yenyewe. "Je, meneja wako ni msikivu na mwenye haki?" ni maswali mawili, anayesikilizwa lakini anaonewa ajibu nini? Wape dodoso watu wachache wa kada tofauti walijaribu kwenye simu, kaa nao, watazame wanaposita. Usihesabu tu wangapi wamejaza, jiulize ni kina nani wamekosekana, kwa maana wakikosekana wale waliochoka zaidi, wastani utapendeza na utakuwa wa uongo.

Katibu_wa_Tawi:
Mfumo mzuri hautoshi kwa watu walioumizwa. Toeni tangazo siku kadhaa kabla, kupitia njia wanayoifahamu, mkieleza ujumbe utatoka kwa nani na kwamba hautauliza nenosiri, maana kiungo kisichotarajiwa kinafanana kabisa na cha matapeli. Na uongozi utamke kwa maandishi kwamba kumtafuta mwandishi wa maoni ni kosa la kinidhamu. Kabla ya hayo yote, yule dada ameombwa radhi?

Mtunza_Majalada:
Nawashukuru sana. Hapana, Katibu, hajaombwa radhi, na nilipolisoma swali lako nilishindwa kuendelea kwa muda. Nimefuta umri na jinsia kwenye rasimu, idara ndogo nimeziunganisha, na kisanduku kinabaki kwa masharti ya Mwalimu. Jumatatu ninampelekea mkurugenzi kifungu cha nidhamu ili akisaini. Asipokisaini, sitaandika neno "siri" kwenye dodoso. Kwa yule dada nitakwenda kesho, kabla ya tangazo lolote kutoka.